Marisau namba nne

Mwaka 1987 nilikuwa na miaka 10, na baba alikubali kwa mara ya kwanza twende pamoja duka la Mgiriki kununua risasi.

Tulitoka Katuba, hapa Lubumbashi, asubuhi kwa miguu, tukapita mtaa wa Kenya, tukapita Kamalondo, tukavuka reli. Baba alivaa koti la kanisani ingawa ilikuwa Jumamosi. Mfukoni mlikuwa na karatasi ya bunduki, kaizungushia nailoni, na kila tulipofika njia panda aliipapasa kuona kama bado ipo.

Kazi yake ilikuwa fundi wa reli. Lakini kwao ni Kabongo, na huko wazee husimulia kwamba ufalme wa Waluba ulitokana na mwindaji, Mbidi Kiluwe, aliyetoka mashariki na upinde wake akamzaa mfalme Kalala Ilunga. Kwa hiyo nyumbani kwetu uwindaji haukuwa kutafuta kitoweo tu. Bunduki ya baba ilikuwa ya zamani, kalibri 12, imetengenezwa Herstal, Ubelgiji, na mama alikuwa akiiamkia kabla ya kufagia chini yake.

Duka lilikuwa mjini, si mbali na Posta. Nikifumba macho leo, kinachonijia kwanza ni harufu: mafuta ya bunduki, ngozi, turubai mpya, na karbidi. Karbidi iliuzwa kwa kilo kutoka kwenye pipa, vijiwe vya kijivu ambavyo ukividondoshea maji hutoa gesi ya kuwashia taa, vikinuka kama kitunguu saumu kilichooza. Upande wa kulia kulikuwa na nyavu na ndoana za wavuvi wa Kasenga. Kushoto mapanga, buti, mikanda ya risasi. Mitego ya nyaya hakuuza. Baba alisema hiyo ndiyo sababu alimwamini.

Mgiriki alizaliwa papa hapa mji ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, na alizungumza Kiswahili chetu bila kutafuta maneno. Mwaka 1973, Mobutu alipotangaza kwamba biashara za wageni wapewe Wazaire, duka lilikabidhiwa mtu mwingine. Akarudishiwa miaka michache baadaye, rafu zikiwa tupu. Akaanza upya. Siku ile hakumuuliza baba anataka nini.

"Papa, zile ine za mwezi uliopita zilifanya nini?"

"Tatu zilileta nyama, Muzee. Moja ilipita juu ya kanga."

"Ulikuwa mbali."

"Nilikuwa mbali," baba akakubali.

Nilimtazama. Sikuwahi kumsikia akikiri kosa mbele ya mtu, na hapa alikiri kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemweleza daktari wapi panauma.

Risasi zilipangwa juu ya mbao, mbali na ukuta. Ganda lilikuwa la karatasi ngumu, na karatasi hunywa unyevu wa masika, ikavimba, ikakwama kwenye mtutu. Mzee alizipitisha moja moja kwenye kipande cha bomba alichokata mwenyewe, isiyopita haiuzwi. Ya tatu ilikataa. Akaniangalia, akachukua kisu.

"Njoo, mutoto."

Aliipasua juu ya gazeti. Chini, kwenye shaba, fataki, ndogo kuliko kifungo cha shati. Kisha baruti, vijiganda vyeusi. Kisha kizibo cha sufi iliyoshindiliwa. Halafu marisau yakamwagika yakitimka kama ulezi, akanizuilia kwa kiganja yasidondoke. Nikasoma kwenye ganda: 4. Sanduku la jirani liliandikwa 7, na marisau yaliyochorwa juu yake yalikuwa madogo. Nikauliza kwa nini namba kubwa iwe na vidogo.

"Namba ikipanda, marisau inashuka. Ine ni ya kanga. Saba ni ya kwale." Shevrotini, za wanyama wakubwa, zilikaa droo ya chini, na baba hakuziomba hata siku moja.

Alinunua tano. Sanduku lilikuwa na 25, lakini mzee hakuona aibu kuuza tano, wala baba hakuona aibu kununua tano. Likaja daftari kubwa: namba ya karatasi, tarehe, idadi, sahihi. Baba aliandika jina lake polepole, kwa herufi za kuunganisha, akapuliza wino. Nadhani nililipenda duka lile kwa ajili ya daftari. Mwezi ujao angerudi kutoa hesabu ya zile tano, na kuna mtu angemsikiliza.

Uporaji ulioanzia Kinshasa Septemba 1991 ulipofika kwetu, mlango ule ulivunjwa pamoja na mingine. Mzee aliondoka, hatukujua alikoelekea. Leo panauzwa simu. Nilipita mwaka jana. Wamepaka rangi nyeupe, kuna kiyoyozi, na vijana wa kaunta walinipokea vizuri.

Baba alibakiwa na risasi tatu. Watu walimletea nyingine, za mkononi, zisizojulikana zilikotoka, akazikataa zote. Zile tatu alizitia kwenye kopo la Nido pamoja na mchele mkavu, na kila masika yalipokaribia alilifungua, akazipitisha moja moja kwenye kipande cha bomba alichokikata kwa kipimo cha kile cha Mgiriki. Zilipita zote.