Nilivyounda gitaa lenye sauti kubwa kwa mkono hapa Lamu

Katika baraza zetu za jioni hapa Lamu, gitaa hushindwa na kila chombo. Akodiani na matari yakianza, mpiga gitaa huonekana akichezesha vidole tu, na sauti yake haivuki mkeka wa pili. Wengi hulimaliza tatizo hili kwa kipaza sauti, lakini mimi sikutaka nyaya wala spika ndani ya ukumbi mwembamba wa nyumba ya mawe. Nilitaka gitaa la kawaida la nyuzi za chuma litakalojitosheleza lenyewe, na kwa kuwa kazi yangu ni useremala wa madirisha na makasha, niliamua kuliunda kwa mikono yangu.

Kabla ya kushika randa nililazimika kuelewa kwamba gitaa halina nguvu yake lenyewe. Nguvu yote hutoka kwenye kidole, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo huishia ndani ya mbao ikiwa joto, bila kuwa sauti. Uzi ni mwembamba mno kuweza kuisukuma hewa. Daraja, yaani kipande cha mbao kilichogundishwa juu ya uso ambapo nyuzi huegemea, ndilo linalopokea mtikisiko wake na kuupeleka kwenye uso wa gitaa, na uso huo mpana ndio unaosukuma hewa. Kwa hiyo anayetaka sauti kubwa hana budi kuupata uso mwepesi ambao hata hivyo utaweza kustahimili mvuto wa nyuzi sita, ambao kwa jumla hukaribia uzito wa kilo 70. Hayo mawili hayapatani kwa urahisi. Mwaka 1862 fundi Antonio de Torres wa Hispania aliunda gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi iliyogundishwa, likiwa na uso wa mbao, ili kuthibitisha kwamba uso ndio wenye kazi kubwa. Marekani nako, fundi John Dopyera alipita njia nyingine katika miaka ya 1920 kwa kutia koni za alumini ndani ya gitaa. Sauti ya namna hiyo ni kubwa kweli, ila kwa masikio yangu ina ukali wa bati, na sikuitaka.

Mafundi wa Ulaya hutumia mbao ya sprusi kwa uso. Huku kwetu haipatikani, nami nilichagua saiprasi ya nyanda za juu, ambayo wauza mbao huiuza kwa ajili ya mapaa. Nyingi ina vifundo, hivyo nilipindua rundo zima mpaka nikapata ubao ulionyooka mishipa yake, ambao miviringo ya ukuaji ilisimama wima ulipotazamwa kichwani. Ubao wa namna hiyo ni mgumu kwa urefu na haujikunji ovyo unyevu ukibadilika. Mgongo niliufanya wa mbambakofi, masalio ya fundi wa milango, nikauacha mzito kwa makusudi, kwa sababu mgongo na mbavu zikitikisika ovyo hula nguvu ambayo ingefaa kwenda kwenye uso. Mbavu zenyewe nilizikunja juu ya bomba la chuma lililopashwa moto kwa makaa, mbao ikiwa imelowa maji, na hapo sina la ziada la kusimulia isipokuwa kwamba mbambakofi haina haraka.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye mataruma, yaani vijiti vinavyogundishwa ndani ya uso ili usibonyee. Taruma likiongezwa kimo mara mbili, uzito wake huwa mara mbili tu, lakini ugumu wake huwa mara nane. Ndiyo maana nilifanya mataruma membamba na marefu kwenda juu, milimita 7 kwa upana na milimita 14 kwa kimo, badala ya mapana na mafupi kama niliyoyaona ndani ya magitaa ya dukani. Nilipasua kijiti kwa shoka badala ya kukikata kwa msumeno, ili mishipa ya mti ifuate urefu wake mzima. Mawili makuu yalipishana kama herufi X kati ya tundu la sauti na daraja, mtindo uliotumiwa na fundi wa magitaa C. F. Martin huko Marekani tangu miaka ya 1840, na ncha zake zote nilizipunguza kwa patasi mpaka zikaisha kama ulimi kabla ya kufika ukingoni.

Kipimo changu kilikuwa majani ya chai. Niliuweka uso uliokwisha gundishwa mataruma juu ya vipande vinne vya sponji, nikaweka spika ndogo chini yake iliyotoa mlio mmoja mfululizo, kisha nikanyunyiza majani makavu ya chai. Nilipokuwa nikipandisha mlio taratibu, kwenye kiwango fulani majani yalianza kurukaruka na kukimbilia sehemu tulivu, yakajipanga kuwa duara. Duara hilo lilikatika upande wa nyuzi nene. Nikafuta majani, nikapunguza ncha ya taruma la upande huo, nikanyunyiza tena. Ubao wenyewe niliuacha milimita 3 katikati na milimita 2.4 kandokando, maana ukingo mwembamba huuachia uso wote nafasi ya kupanda na kushuka kwa pamoja. Mzee mmoja jirani yangu, fundi wa majahazi, aliubonyeza kwa kidole gumba akasema, “Mwanangu, hii ni mbao au ngozi ya tari?” Nami nikajua nimekaribia.

Daraja nalo huamua mengi. Mpingo hupendwa kwa weusi wake, lakini ni mzito mno mahali pale, kwani kila gramu inayoongezwa juu ya uso lazima itikiswe na kidole kilekile. Nilitumia mbambakofi, nikalichonga hadi gramu 24, na mpingo nikauweka kwenye shingo peke yake, penye freti, vile vijiti vya chuma vinavyogawa noti.

Gitaa lilipofungwa nyuzi, liliweza kusimama pamoja na akodiani bila kumezwa, ingawa mpiga akodiani anapofungua mifuo yake yote hakuna gitaa la mbao litakalomshinda. Faida hiyo ina gharama yake. Uso mwepesi huitoa nguvu yote mara moja, kwa hiyo noti hukata mapema kuliko kwenye gitaa langu la zamani. Kwa mapigo ya taarabu, ambayo ni mengi na ya haraka, sioni hasara. Anayependa noti ndefu zinazoelea anapaswa kuacha uso mnene zaidi.

Unyevu wa pwani ndio uliobaki kunisumbua. Mataruma niliyagundisha wakati wa kaskazi, hewa inapokuwa kavu kidogo, na kabla ya hapo mbao zilikaa ndani ya kasha lenye balbu inayowaka. Hata hivyo, masika yakiingia uso hunywa maji, huvimba na kuziinua nyuzi mpaka vidole vinauma. Nimechonga vigego viwili vya mfupa wa ng’ombe vya kuegemeza nyuzi kwenye daraja, kimoja kifupi cha kusi, msimu wa unyevu, na kimoja kirefu cha kaskazi, na kuvibadilisha hakuhitaji zaidi ya kulegeza nyuzi.