Wimbi la kutelezea kwa ubao nyuma ya boti limepatikana!
Jumamosi nzima nimeinama nyuma ya boti, lakini nimefurahi jamani! Nimeweka mfuko wa maji wa lita 180 kwenye kona ya nyuma, upande ule tunaotelezea. Hizo ni kilo 180, kwa hiyo boti inalalia huko na wimbi linasimama refu, safi.

Kilichonitesa ni mpira wa kujazia. Niliupitisha chini mno, basi hata pampu ikizimwa maji yanaendelea kuingia yenyewe. Nimeupandisha juu ya usawa wa maji ya nje, nikaweka valvu ya kuingiza hewa pale juu kabisa ili maji yasijivute yenyewe, klipu mbilimbili kila kiungo. Sasa haliingii hata tone. Mfuko wa pili nautamani, ila kwanza nisome kibao cha uzito, kile cha botini kinachoonyesha mwisho wa mzigo. Abiria nao wanahesabiwa humo.