Nilivyofundisha utoto wa watu wa kale kwa sinia la udongo

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya watu wa kale nilikuwa nachora ubaoni mwanamume mwenye ndevu, jiwe mkononi, mnyama mbele yake. Mwaka juzi msichana mmoja wa darasa la sita akaniuliza, "Mwalimu, watoto wao walikuwa wapi?" Nikamjibu tutafika huko. Hatukufika, maana kitabu chenyewe hakikuwa na hata mstari mmoja.

Nikaanza kusoma usiku, na kilichonikamata ni pango la Rouffignac kule Ufaransa. Mbali na michoro ya mamothi, wale tembo wa kale wenye manyoya marefu, kuta na dari zake laini zina mistari iliyochorwa kwa vidole, yapata miaka 13,000 iliyopita. Watafiti Kevin Sharpe na Leslie Van Gelder walipima upana wa vidole vitatu vya katikati vikiwa pamoja. Mistari mingine ni myembamba mno, haiwezi kuwa ya mtu mzima; ni ya watoto, hata wa miaka mitano hivi.

Nikasema hili hata mimi naweza. Nikanunua udongo kwa mama mmoja anayefinyanga vyungu, nikautandaza kwenye sinia. Siku ya kwanza niliulowesha kupita kiasi, kila mstari ukajifunga kama uji. Siku ya pili nikauacha upigwe na upepo kwanza. Nikaazima watoto wawili wa chekechea, nikachanganya na wanafunzi watatu na mimi mwenyewe. Tukaburuta vidole huku darasa limegeuka ukutani. Kisha nikawapa rula, wabashiri mstari upi ni wa nani. Upana wa mistari yangu ulikuwa milimita 48, ya mdogo kabisa 31. Walibishana kweli kweli, lakini mistari ya watoto wa chekechea waliitambua bila shida.

Hapo nikawaambia kwamba Rouffignac baadhi ya mistari ya watoto iko darini, juu ya kimo chao. Kimya. Halafu kijana wa nyuma, ambaye kwa kawaida husubiri kengele tu, akasema, "Basi alibebwa." Akamnyanyua yule wa chekechea begani mpaka mkono ukagusa kizingiti cha mlango. Sikuwa na la kuongeza.

Kisha somo likarudi nyumbani, hapa hapa Kilifi, Panga ya Saidi. (Ilibidi nieleze kwanza kwamba hilo si panga la kukatia nazi, Wamijikenda pango huliita panga.) Humo lilipatikana kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, lenye umri wa miaka kama 78,000, na habari zake zikatangazwa mwaka 2021. Mifupa ilikuwa imelainika kiasi cha kuwa unga ikiguswa, hivyo watafiti wakalifunika bonge zima la udongo kwa plasta, likapelekwa Nairobi na baadaye Burgos, Hispania, kufukuliwa polepole maabara. Wataalamu walimpa jina: Mtoto. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani. Mifupa ya bega ilionyesha alifungwa kwa kitu kilichombana, na kichwa kiliinama kana kwamba mto uliokuwa chini yake umeoza.

"Kama alikuwa na mto, basi alilazwa na mtu aliyemjua," alisema yule msichana wa swali la kwanza.

Kesho yake watatu walileta vipimo vya vidole vya wadogo zao, vimeandikwa nyuma ya daftari la hesabu. Mwalimu wa hesabu hakupendezwa.