Nilivyojifunza kuhesabu vitaa vya samaki wa kilindini

Mtungi wa kwanza niliopewa nitambue ulikuwa na samaki wadogo arobaini na ushee, urefu wa kidole, macho yamejaa kichwa kizima. Familia ya Myctophidae. Kwa Kiswahili ningewaita samaki taa, ila taa tunaye tayari, yule bapa mwenye mkia wa mjeledi, na kila nikilitaja jina hilo mtu ananiuliza kuhusu mwiba.

Familia hii ina spishi karibu 250, na nyingi kwa macho matupu ni yuleyule. Kinachozitenganisha ni vitaa, yaani viungo vidogo vya kutoa nuru, vya ubavuni na tumboni, kila spishi na mpangilio wake. Mchana samaki huyu hukaa mita mia kadhaa chini, na vitaa vya tumbo hufifisha kivuli chake, ili mwindaji aliye chini asimwone akitazama juu.

Kosa langu lilikuwa usafi. Samaki alikuwa anateleza, nikamfuta kwa karatasi laini. Kuitazama karatasi, imejaa magamba, na vitaa vinne vimeondoka nayo. Ngozi yao ni laini mno. Wavu wenyewe huwa umeshawachubua kabla hawajafika mezani. Tangu hapo simshiki akiwa mkavu. Namlaza kwenye kisahani chenye maji, namgeuza kwa brashi ya kuchorea, na taa ya hadubini naishusha imulike kutoka pembeni. Kila kitaa kinatokeza kama lulu ndani ya kikombe cheusi. Ukimulika kutoka juu, huoni kitu ila mng'ao wa maji.

Halafu nikaacha kuanzia kichwani. Shina la mkia lina vitaa vichache, huwezi kupotea: Diaphus, moja ya jenasi (makundi ya spishi) za familia hii, ana vinne, Myctophum, jenasi nyingine, viwili. Nikipata viwili napanda ubavuni, karibu na pezi dogo la mafuta. Myctophum ana kimoja hapo, Hygophum viwili. Ubavu mmoja ukiwa umechubuka, namgeuza. Jambo dogo hilo lilinichukua siku mbili kulifikiria.

Kwa Myctophum aliyekomaa hata jinsia inasomeka: dume ana tezi ya nuru juu ya shina la mkia, jike chini yake. Hapo nilipunguza kasi, natazama tu.

Watatu walikuwa wamechubuka pande zote mbili. Kwenye lebo yao niliandika Myctophidae basi, kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka ndani ya spiriti.