Sigara mbele ya baba mkwe: nilivyomudu wageni wa kahawa

Mi nafanya kazi na wanunuzi wa kahawa ya Mbozi, kila msimu napokea wageni, na Julai mwaka juzi nikawakaribisha nyama choma kwangu Uyole, pale Mbeya, walikuwa Mchina, Muitaliano na Mjapani, na baba mkwe nae alikuwepo, kaja kumuona mjukuu.

Tumemaliza tu kula yule Mchina akatoa pakti, akampa mzee sigara kwa mikono miwili halafu akanigeukia mimi. Jamani, huku kwetu hata kama mkweo anavuta wewe huwezi kuvuta mbele yake, ni kumvunjia heshima kabisa. Nikasema hapana hapana huku narudisha mkono nyuma, mgeni akanywea, maana kwao kugawa sigara ni ukarimu, kama sisi tunavyomiminia mtu chai. Huku nyuma Muitaliano kawasha yake palepale barazani na watoto wapo miguuni, wala hakufanya kusudi, Italia tangu 2005 baa na migahawani hairuhusiwi kuvutia ndani, kwahiyo kazoea ukishatoka mlangoni uko huru, sasa kwangu baraza ndo sebule. Mjapani akaniuliza taratibu, wanaovuta wanakaa wapi? Alikuwa na kijaluba chake cha mfukoni cha majivu na vipisi, maana Tokyo sehemu nyingi huruhusiwi kuvuta unatembea barabarani. Sikuwa na jibu, ila swali lile nililala nalo.

Msimu uliofuata nikaandaa sehemu, chini ya mparachichi nyuma ya nyumba, mabenchi mawili, kopo la mchanga na jiko la mkaa. Jiko msilidharau, Uyole mwezi wa saba baridi inakata mifupa, mtu ukimtoa nje bila moto dakika mbili tu kashasogea na sigara yake mlangoni. Wageni wakifika, kabla hata hawajanawa, nawazungusha wote, choo hiki, maji haya, wanaovuta ni pale. Ukisema mapema hivyo hakuna anaeona kasemwa yeye, ukingoja mpaka awashe ndo umuambie unamuaibisha mbele za watu.

La Mchina nilimuuliza dereva mmoja aliyefanya nao kazi za barabara miaka mingi, akaniambia we ipokee, shukuru, bana sikioni au weka mfukoni, si lazima uwashe, hata wao wenyewe wanafanya hivyo. Nikamfuata mzee pembeni kabla.

"Shikamoo baba. Leo mgeni atanipa sigara mbele yako, nitapokea ila sitawasha."

"Marahaba. Pokea mwanangu, mgeni harudishiwi mkono."

Nikapokea kwa mikono miwili, nikatia mfuko wa shati, Mchina akafurahi kweli. Baadae wakahamia kwenye mparachichi, mzee akamuwashia kiberiti, jamaa akamgonga gonga mkono kwa kidole, mzee akashtuka kidogo, nikamueleza kwamba ndo asante yao hiyo. Mpaka wanaondoka mzee nae alikuwa anamgonga vilevile kila akiwashiwa.