Ngo! Siku yangu chini ya Fuso la viazi

Saa 1:00 asubuhi. Makambako mwezi wa saba, spana huishiki kabla hujaota moto. Kikombe cha chai bado kiko mkononi, nalisikia Fuso kabla sijaliona. Dereva anaingiza gia, ngo! Anapiga rivasi aegeshe, ngo!

"Shikamoo fundi," utingo ananiamkia huku akiruka chini.

"Marahaba. Limeanza lini?"

Dereva anamjibia: "Difu limekufa, fundi. Tumeambiwa njiani tutafute la mtumba."

Difu, yaani gia za ekseli ya nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu, ni kama mjukuu anayelelewa na bibi. Sufuria likianguka, ni yeye.

Saa 1:30. Maswali kwanza. Linagonga lini? Likiondoka, na likirudi nyuma. Katikati ya safari linavuma? Halivumi. Difu lililochoka kwa kawaida huvuma, na sauti hubadilika ukikanyaga mafuta na ukiachia. Kugonga mara moja ni habari nyingine: kuna chuma kimepata nafasi, kinasogea kidogo kisha kinagota. Kazi ni kujua ni chuma gani.

Saa 2:00. Hendbreki ya gari hili inakamata propela (mhimili unaopeleka mzunguko wa giaboksi kwenye difu) nyuma ya giaboksi, haikamati magurudumu. Ili niitikise propela lazima niiachie, kwa hiyo uhai wangu unabaki kwenye kabari. Utingo kaweka vipande vya tofali. Nimemtuma akachukue kabari zangu za mbao, zote nne, na nimesimama hadi zikakaa.

Chini, naizungusha propela kwa mkono huku na huku. Krosi ya mbele, kiungo kinachoiruhusu propela kujikunja, haina neno. Ya nyuma ina unga mwekundu pembeni ya kifuniko kimoja, kama ugoro. Hapo grisi haijafika siku nyingi na vijiti vya beringi vimeanza kusagika. Nikaisukuma juu, ikacheza. Dereva tayari kashika simu aulize bei ya krosi. Nikamwambia asubiri. Krosi hii itabadilishwa, lakini mchezo wake ni mdogo, ule mlio ni mkubwa.

Nikafungua na plagi ya difu. Oili nyeusi, lakini hakuna vipande vya chuma.

Saa 4:00. Hapa ndipo siku ilipoamuliwa. Dereva kwenye usukani, breki ya mguu kaikanyaga sawasawa, gia ya kwanza, anaachia klachi taratibu mpaka gari litake kuondoka, anaikanyaga tena. Kisha rivasi. Mimi nimechuchumaa pembeni, mbali na tairi. Wanaolala chini wakati wa jaribio hili siwaelewi.

Mara ya tatu nikakiona. Propela ilitulia, ila ekseli nzima upande wa kulia ilisogea kwenye springi, kama nusu ya upana wa kidole. Ngo! Nikakwangua tope: kutu inayochuruzika, na chini yake chuma kinang'aa kwa kusuguana. Yubolti, zinazoifunga ekseli kwenye springi, zimelegea; senta bolti, inayoizuia isihame, imekatika. Ekseli ndiyo iliyobeba difu, ndiyo maana kila mtu alisikia sauti ikitokea kwenye difu.

"Kumbe ndiyo maana lilikuwa linatembea upande kama kaa!" dereva akasema. Sasa ndiyo anakumbuka.

Saa 7:00 mchana. Ugali na maharage, na simu ya mama mwenye gari.

"Mwanangu, difu shilingi ngapi?"

"Difu halina ubovu, mama. Nunua yubolti, senta bolti na krosi moja."

Kimya kidogo. "Una hakika?"

Ninayo. Nikamwomba pia apunguze lumbesa. Akacheka, akakata simu.

Saa 8:00. Yubolti za zamani sizirudishi, zikishavutika hazishiki tena. Propela naitia alama kwa tindo kabla ya kuifungua, maana ukikosea jino kwenye splaini, yale meno yanayounganisha vipande vyake, macho ya krosi hayatazamani na gari zima litatetemeka.

Saa 11:00. Tumelijaribu barabara ya Njombe. Gia ya kwanza, kimya. Rivasi, "tk" ndogo. Dereva akaniangalia. Hiyo ni nafasi kati ya meno ya gia, kawaida kwa gari la umri huu, nikamwambia, iache.

Saa 12:30 jioni. Nimemwandikia kwa chaki ndani ya mlango: akirudi na mzigo wa kwanza apite nikaze yubolti tena. Wameondoka. Wakati wa kufunga gereji ndipo nikagundua wameondoka na kabari zangu, zote nne.