Bega la mama

Mama alikuwa mla tambuu wa kutajika pale Wete, Pemba. Kijaluba chake hakikosi kitu: majani, popoo, tumbaku, chokaa ndani ya kikopo. Kidonda kilipotoka ubavuni mwa ulimi, kituo kimoja cha afya kikamwambia ni jino linamkwaruza. Akameza vidonge miezi mitatu, nami nikaamini. Hilo hadi leo linanichoma. Tunafika Dar es Salaam, tezi la shingo, upande wa kulia, limeshakuwa kama kungu, gumu, ukilisukuma halisogei.

Daktari wa upasuaji hakutuzungusha. Ulimi utakatwa kipande, na shingo itapasuliwa kutoka nyuma ya sikio hadi karibu na mtulinga, matezi ya upande ule yatolewe, maana saratani ya ulimi ikianza kutembea hushukia huko. Tena kuna mshipa wa fahamu unapita humo humo kwenye matezi, atajitahidi kuubakisha.

"Wafanya kazi gani huo?" mama akauliza.

Daktari akapandisha bega lake, akalishusha.

"Basi ukikukera ukate, mwanangu. Ndoo n'shabeba za kutosha."

Aliingia asubuhi, akatolewa alasiri, mipira miwili imechomoza shingoni, inachuruzisha maji mekundu kwenye chupa. Mshipa haukupona, tezi lilikuwa limeung'ang'ania. Ikafuata mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani huko huko Dar es Salaam, siku tano kwa wiki, wiki sita. Hayo siyaelezi.

Bega lilianza kudai tuliporudi Pemba. Adhuhuri ya kwanza, kwenye takbira, mkono wa kushoto ukapanda, wa kulia ukaishia kifuani. Alipotoa salamu akanigeukia, akasema kwa ule ulimi wake mzito: "Ndilo lile bega la daktari."

Alikuwa amepewa mazoezi: asimame mbele ya ukuta, atambaze vidole kwenda juu kama kaa, na pale vinapoishia patiwe alama. Nikatafuta kalamu, nikakosa. Akanionyesha kijaluba, kilicholala juu ya kabati tangu tulipoondoka. Chokaa ilikuwa imekauka. Zamani angeilainisha kwa mate. Mionzi ilikuwa imeyamaliza, ikabidi mimi nitie tone la maji. Akachovya kidole cha kushoto, akapiga mstari mweupe chini ya msumari wa kalenda, umbali wa kama viganja viwili.

"Kesho," akasema, akajifuta kwenye kanga.